Lebo Kwenye Kifusi

Nina tabia moja inayowachekesha wanaonijua. Kabla sijavaa shati jipya, napindua kola na kuisoma lebo taratibu, kama mtu aliyepokea barua. Saizi. Aina ya uzi. Namna ya kufua. Nchi lilikoshonwa. Basi. Lebo haisemi ni jengo gani, ni ghorofa ya ngapi, kama mlango wa dharura ulikuwa wazi au ulitiwa kufuli. Imeandikwa kwa ajili yangu mimi mvaaji, wala haimtaji aliyeshona.

Tabia hii ilinianza baada ya Rana Plaza. Kwa aliyesahau, hilo lilikuwa jengo la ghorofa nane huko Savar, pembezoni mwa Dhaka, Bangladesh. Ghorofa za juu ziliongezwa bila kibali halali, zikawekewa mashine za viwanda vya nguo na majenereta mazito. Tarehe 23 Aprili 2013 kuta zilionekana zina nyufa. Benki na maduka ya chini vilifungwa na watu wake wakaambiwa wasije kesho yake. Washonaji wakaambiwa waje. Wengine walitishiwa kwamba asiyekuja asitegemee mshahara. Asubuhi ya tarehe 24 umeme ulikatika, majenereta yakawashwa, na jengo zima likakaa chini. Walikufa watu 1,134 na zaidi ya 2,500 wakajeruhiwa.

Ila kilichonikaa kichwani kuliko idadi hiyo ni jambo dogo lililofuata. Wanaharakati na watu wa vyama vya wafanyakazi waliingia kwenye kile kifusi kutafuta lebo. Kulikuwa na kampuni za ng'ambo zilizokana kuwa na oda mle ndani, au zilizosema oda zao zilikwisha zamani, au kwamba kazi ilipelekwa pale bila wao kujua. Kwa hiyo watu wakainama wakaokota vipande vya kitambaa vidogo kuliko kidole gumba, na karatasi za oda zilizojaa vumbi la saruji, wakavipiga picha, wakavitunza. Huo ndio uliokuwa ushahidi wao.

Nilikuwa nimeshalitumia neno "asasi za kiraia" kwa miaka mingi, kwenye warsha, kwenye maandiko ya miradi, kwenye vikao visivyoisha. Nadhani siku nilipoona picha za lebo zile ndipo nilipoanza kujua lina maana gani. Ni watu wanaotafuta nani anapaswa kujibu.

Umbali huo kati ya lebo na mshonaji tumezoea kuuita "utandawazi", na neno lenyewe lina ukweli ndani yake kuliko waliolibuni walivyokusudia. Wapo wanaoligeuza kwa utani wakasema "utandawizi", na utani huo una wateja wake, lakini mimi hunisimamisha zaidi ile sehemu ya kutanda. Kutanda ni kazi ya wingu. Wingu likitanda, kila mtu anajua lipo, mvua inamlowesha, jua linamkosa, lakini hakuna mlango wa kulibishia hodi.

Halikutanda lenyewe. Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa na makontena 58, mradi wa mfanyabiashara wa malori, Malcom McLean. Kupakia tani moja ya mzigo kwa mikono kuligharimu karibu dola 6; kwa kontena ikawa senti chache tu. Watu wengi wakitaja utandawazi hutaja intaneti, mimi ningeanza na lile sanduku la bati. Lilifanya umbali wa bahari uwe wa bei rahisi kiasi kwamba mshahara wa mshonaji, popote alipo, ukawa ndio tofauti kubwa iliyobaki kwenye hesabu.

Upande wa nguo kulikuwa na jambo jingine. Tangu 1974 nchi tajiri ziligawa viwango vya nguo ambazo kila nchi iliruhusiwa kuziuzia. Wanunuzi wakawa wanahama nchi hadi nchi kufuata nafasi, na viwanda vikaota mahali ambako havikuwapo. Utaratibu huo ulikwisha tarehe 1 Januari 2005. Kuanzia hapo aliyetaka oda alipigania bei.

Sasa mtazame mshonaji huyo. Kampuni iliyoweka oda haina mkataba wa ajira naye. Mwenye kiwanda anao mkataba, lakini bei hapangi yeye. Serikali ina sheria za majengo, lakini inaogopa oda zisihamie kwa jirani. Mnunuzi dukani ana hela, na hajui lolote. Lawama ikikatwa vipande vinne, kila mmoja anaona chake ni kidogo mno cha kubebwa peke yake. Huu si uzembe uliotokea kwa bahati mbaya, maana umbali huo una faida, na wapo wanaoivuna.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na biashara ya kuvuka mipaka. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, mwaka 1990 zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watatu duniani aliishi katika umaskini uliokithiri. Kufikia 2019 walikuwa karibu mmoja kati ya kumi. Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ni China, na China isingefika pale bila bandari. Wengi wa washonaji wa Savar walikuwa wanawake waliotoka vijijini wakashika mshahara wao kwa mara ya kwanza. Ukiwaambia viwanda vyote vifungwe ili mimi nilale bila dhamiri kunisuta, watakucheka, na watakuwa na haki. Walichotaka ni jengo lisilowaangukia na mtu wa kumwambia kwamba lina nyufa.

Ndiyo maana kilichofuata Rana Plaza kinastahili kukumbukwa kuliko kinavyokumbukwa. Zamani kulikuwa na ukaguzi wa hiari: kampuni inamlipa mkaguzi, mkaguzi anajaza fomu, fomu inawekwa kabatini. Baadhi ya viwanda vya mle Rana Plaza vilikuwa vimekaguliwa hivyo hivyo kabla ya kuanguka. Mei 2013 vyama viwili vya kimataifa vya wafanyakazi, IndustriALL na UNI, vikishirikiana na vyama vya Bangladesh, vilizifanya kampuni za nguo zisaini mkataba wa usalama wa moto na majengo, huku asasi kama Clean Clothes Campaign zikisaini kama mashahidi. Kampuni zaidi ya 200 ziliingia. Tofauti yake na ahadi za kawaida ilikuwa neno moja: kisheria. Ripoti za ukaguzi zilichapishwa zikaonekana na wote, na kampuni iliyovunja mkataba iliweza kupelekwa kwenye usuluhishi huko Hague. Na zilipelekwa. Januari 2018 kampuni moja ilikubali kulipa dola milioni 2.3, sehemu kubwa ya kukarabati viwanda vilivyoishonea.

Ukilinganisha, mfuko wa fidia kwa walioumia na familia za waliokufa ulitegemea hisani. Lengo lilikuwa dola milioni 30, na ulijaa Juni 2015, miaka miwili na zaidi baada ya maziko. Nikisikia mtu anasifia uwajibikaji wa hiari wa makampuni, hiyo miaka miwili ndiyo ninayoikumbuka.

Kisa kingine ninachokipenda, na kinachonisumbua, ni cha dawa za UKIMWI. Shirika la Biashara Duniani lilipoanza 1995 lilikuja na mkataba wa haki za ubunifu uliozitaka nchi wanachama zilinde hataza za dawa, yaani haki ya mgunduzi kuitengeneza na kuiuza peke yake, kwa miaka 20. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa zinagharimu dola 10,000 na zaidi kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Afrika Kusini ilipitisha sheria mwaka 1997 ya kurahisisha upatikanaji wa dawa nafuu. Mwaka uliofuata kampuni za dawa, ambazo mwishoni zilihesabiwa 39, zikaifungulia kesi. Desemba 1998 likazaliwa vuguvugu la Treatment Action Campaign. Mmoja wa waanzilishi wake, Zackie Achmat, mwenyewe akiishi na virusi, aliapa kutomeza dawa hizo hadi zipatikane kwenye hospitali za umma. Watu wake walifundishana sayansi ya virusi na sheria ya hataza mitaani, kwa lugha zao, mpaka mtu asiyemaliza shule akawa anaweza kubishana na daktari kuhusu kipimo cha kinga. Februari 2001 kampuni ya India, Cipla, ikasema itauza mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Aprili mwaka huohuo makampuni yakaiondoa kesi mahakamani Pretoria. Novemba, mawaziri wa biashara wakiwa Doha, walitamka kwamba mkataba ule usizuie nchi kulinda afya ya watu wake.

Hapo wasimulizi wengi hukomea, na ni simulizi tamu: wanyonge wameshinda majitu ya ng'ambo. Lakini serikali ileile iliyotetewa barabarani ilikataa kuwapa wajawazito wote wenye virusi dawa ya nevirapine, iliyopunguza uwezekano wa mama kumwambukiza mtoto, ingawa mtengenezaji alikuwa tayari kuitoa bure. Vuguvugu lilelile likageuka likaishtaki serikali, na Julai 2002 Mahakama ya Katiba ikawapa ushindi. Wapo waliowaita wasaliti. Mimi naona hapo ndipo walipoonyesha ukomavu. Aliyezoea kusema kila tatizo limetoka nje huwa anamfichia mtu wa ndani mlango wa nyuma.

Madeni nayapitia haraka, maana yana vitabu vyake. Mikopo ilisainiwa na viongozi, riba ikapandia Washington mwanzoni mwa miaka ya 1980, na aliyekuja kulipa ni mzazi aliyeambiwa achangie zahanati na shule iliyokuwa bure. Hakusaini popote. Kampeni ya Jubilee 2000 ililichukua wazo la Mambo ya Walawi, la mwaka wa hamsini ambapo watumwa huachiwa na ardhi hurudishwa, ikalitia kwenye siasa za benki. Mei 1998 watu wapatao 70,000 walishikana mikono kuzunguka katikati ya mji wa Birmingham, ambako wakuu wa nchi tajiri walikuwa wakikutana. Mwaka 2005 huko Gleneagles ukakubaliwa ufutaji mkubwa wa madeni kwa nchi maskini zaidi. Na leo nyingi ya nchi hizo zina madeni mengine, safari hii ya wenye hatifungani, yaani walionunua karatasi za deni la serikali, ambao ni wengi, wametawanyika, na hawana mkutano wa kuuzungushia mikono.

Kuhusu mkutano wa Shirika la Biashara Duniani wa Seattle 1999, neno moja tu. Kila mtu anakumbuka moshi wa machozi na vioo vilivyovunjwa. Wachache wanakumbuka kwamba ndani ya ukumbi mawaziri wa Afrika nao, baada ya kufungiwa nje ya vyumba ambamo mambo yalikuwa yakiamuliwa, walitangaza kuwa hawataungana na makubaliano wasiyoshirikishwa. Mkutano ulivunjika kwa pande zote mbili za ukuta. Inanishangaza kwamba hata katika historia ya upinzani, aliyerusha jiwe amepewa ukurasa na aliyekataa kusaini hakupewa.

Sasa nije kwetu sisi tunaojiita asasi, maana ni rahisi kusimulia ya wengine.

Niliwahi kukaa miaka kadhaa kwenye asasi moja ndogo. Kazi yangu ilikuwa kuandika taarifa za robo mwaka. Nilikuwa mzuri. Nilijua safu zote: idadi ya waliofikiwa, asilimia ya wanawake, changamoto na namna zilivyotatuliwa, hadithi moja ya mafanikio yenye picha. Kwenye safu ya changamoto nilijifunza kuandika tatizo ambalo tayari lilikuwa limekwisha. Siku moja, katika kikao na wafanyakazi ambao mradi uliwahusu, mama mmoja aliomba aione hiyo taarifa. Hakuna aliyewahi kuomba. Iliandikwa kwa lugha asiyoisoma, kwa hiyo nikawa namfafanulia, nikafika kwenye jedwali. Akauliza, "Sasa katika hawa waliofikiwa, mimi nimo?"

Nikaangalia mahudhurio. Alikuwemo mara mbili, kwa sababu alihudhuria warsha zote mbili.

Kila mtu alicheka, yeye wa kwanza. Mimi nilicheka nao, lakini njiani kurudi kicheko kilinikwama. Nilikuwa nimeandika kurasa nzima kuhusu minyororo ya ugavi, na sisi wenyewe tulikuwa mnyororo wa ugavi. Mfadhili anaweka oda. Shirika kubwa linaipokea, linakata chake, linatugawia kipande. Sisi tunazalisha waliofikiwa, kwa tarehe, kwa kiwango, na lebo yenye nembo ya mfadhili inabandikwa kwenye fulana. Aliyetupa oda tulimjibu kila baada ya miezi mitatu, kwa stakabadhi. Yule mama tulimjibu siku aliyouliza, na ni kwa sababu aliuliza.

Udhaifu huu serikali nyingi zimeuona na zimejua kuutumia. Urusi ilipitisha mwaka 2012 sheria ya kuzibandika asasi zinazopata fedha za nje jina la mawakala wa kigeni. Ethiopia mwaka 2009 iliamuru kwamba asasi inayogusa haki za binadamu isipate zaidi ya asilimia 10 ya fedha zake kutoka nje, sheria iliyokuja kubadilishwa 2019. Nia ilikuwa kuziba midomo, hilo liko wazi. Kampuni ya madini inayoleta mtaji kutoka nje haiitwi wakala wa mtu. Lakini shutuma ile iliuma kwa sababu haikuwa tupu. Asasi ambayo ingekufa siku mfadhili anapobadili vipaumbele ingemjibu nini anayeuliza, "Nyie ni wa nani?"

Wapo wenye jibu. Mwaka 1972 Ela Bhatt aliwaandikisha huko Ahmedabad, India, wanawake ambao sheria haikuwatambua kama wafanyakazi: wachuuzi, wabeba mizigo, washonaji wa nyumbani. Msajili alisita, eti chama cha wafanyakazi kinataka mwajiri, nao hawana mwajiri wa kugombana naye. Chama hicho, SEWA, kina wanachama zaidi ya milioni mbili leo, na kila mwanachama hulipa ada. Ni ndogo, lakini ni ada. Mwaka 1996, kwa msukumo wao na wenzao wa nchi nyingine, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa 177 kuhusu kazi zinazofanyiwa nyumbani, unaosema kwamba anayeshonea sebuleni mwake kwa oda ya mtu mwingine ni mfanyakazi kama wengine. Nchi zilizouridhia hadi leo ni chache, na hilo linasikitisha. Ila angalia nani aliyeupeleka pale. Kiongozi wao akikosea wanaweza kumwondoa kwa kura. Sisi yule mama angetuondoa vipi?

Siulizi ili kudharau fedha za wafadhili. Bila hizo mawakili wengi wasingesimama mahakamani. Nauliza kwa sababu kazi yenyewe imekuwa ngumu zaidi, na asasi isiyo na watu nyuma yake haitaiweza.

Maana sasa hakuna hata jengo la kuanguka. Dereva anayefanya kazi kwa programu ya simu anaamka asubuhi na kukuta akaunti yake imefungwa. Hakuna msimamizi aliyemfukuza, hakuna barua, hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Kuna ujumbe unaosema mfumo umegundua udanganyifu. Lebo ya kuokota iko wapi hapo? Chama cha madereva cha Uingereza, kikisaidiwa na asasi iitwayo Worker Info Exchange, kilikuja na wazo ambalo bado linanifurahisha: kiliacha sheria ya kazi kando kidogo, kikashika sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi. Kikazidai Uber na Ola, kampuni za teksi za kuitwa kwa simu, data za madereva na maelezo ya namna maamuzi yalivyofikiwa. Tarehe 4 Aprili 2023 mahakama ya rufaa ya Amsterdam iliwapa madereva haki kwa sehemu kubwa. Ilisema mkono wa binadamu katika baadhi ya maamuzi ya kufunga akaunti haukuzidi sana ishara tu, na kwamba siri za biashara hazitoshi kuwa kisingizio cha kuwanyima maelezo.

Ni ushindi wa watu wachache, katika mahakama moja, chini ya sheria ambayo sehemu kubwa ya dunia haina. Lakini ni kuokota lebo kulekule, safari hii kwenye data.

Wiki iliyopita programu mojawapo ninayoitumia kila siku ilinikata fedha nisizodaiwa. Nikatafuta pa kuuliza. Nikashuka ukurasa, nikashuka tena, nikapita masharti marefu kama wosia, nikapata kisanduku kidogo cha kuandikia. Nikaeleza shida yangu kwa adabu, nikaweka tarehe na namba ya muamala. Haikupita dakika nikapata jibu la kunishukuru kwa kuwasiliana. Nikataka kuwaandikia tena, nikaangalia limetoka anwani gani. Jina la anwani yenyewe lilikuwa "usijibu".